Mbwa wa nyumba moja wanatiana meno: mwongozo kamili wa kuutuliza mchezo kabla haujawa ugomvi

Kila wiki naulizwa suala hili hili, na kila nikijibu kwa mdomo mtu anakwenda kufanya nusu alafu anarudi kuniambia "nshajaribu, haikusaidia". Mbwa wawili au watatu wanakaa uwa mmoja, asubuhi wanacheza vizuri, jioni mmoja ana tundu kwenye sikio. Mwenyewe kapiga kelele, kachukua fimbo, kawafunga minyororo, mwisho kachoka kawaachia "wamalizane wenyewe", na hali imezidi kuwa mbaya. Basi leo naandika yote kwa mpangilio.

Mie nakaa Fuoni, hapa Unguja, nna mbwa watatu wa kulinda: Simba dume wa miaka minne, Popi jike la mwaka mmoja na nusu, na kitoto tulichokiita Bondia na jina lenyewe ndio lishakwambia tabia yake. Wote nimewapitisha humu.

Kosa kubwa la watu ni kusubiri meno ndio waingilie. Ukiona meno ushachelewa, hapo huna cha kufundisha tena, unaokoa tu. Kazi yote iko kwenye ile dakika moja mbili kabla, wakati mchezo unapanda moto na hakuna anayepumzika. Hatua zote chini zinazunguka hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze bila hivi, mana utafika hatua ya tano utagundua huna kamba na mbwa washashikana.

- Kola moja kwa kila mbwa, iwe bapa, vidole viwili vipite chini yake. Mnyororo wa kukaba shingo usiutumie.
- Kamba nyepesi mita 2 hadi 3 kwa kila mbwa. Ya kuanikia nguo inafaa. Usiiwekee fundo wala kitanzi mwisho wake, itanasa kwenye mti.
- Kizuizi cha kutenganisha pande mbili za uwa. Mie niligongelea mbao za pallet na wavu, urefu wa kifuani.
- Ubao wa plywood au mlango mkuukuu mwepesi, unaoweza kuunyanyua peke yako.
- Ndoo ya maji ijae muda wote, au mpira uliofungwa tayari kwenye mfereji.
- Sufuria bovu na mfuniko wake. Blanketi kuukuu au mapazia mazito.
- Vitamu vya kufundishia: maini ya kuku yaliyochemshwa ukakata vipande kama punje za kunde, au dagaa wakavu. Dagaa wetu huchemshwa na chumvi, kwa hiyo waroweke kwanza, umwage maji, uwaanike tena.
- Sabuni ya kipande, chumvi, kitambaa safi, glavu.
- Daftari na simu yenye kamera.
- Kadi ya chanjo ya kila mbwa.

Glavu na nguo maalumu za kazi hii zinakusaidia pia kwenye twahara. Walio wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi'i, na kwao mate ya mbwa ni najisi ya kuosha mara saba na moja katika hizo kwa udongo, na watu wengi wanaogopa kuwashika mbwa wao kwa sababu hii hii, mbwa wanakua hawajawahi kuguswa. Weka kanzu kuukuu au ovaroli na viatu vya mpira pale pale bandani, ukimaliza unavua na kuosha, huna haja ya kuwakimbia.

## Hatua ya 1: Ondoa maradhi kwanza

Mbwa aliyekuwa mpole akaanza kuuma ghafla, usimfundishe chochote. Kwanza mtizame.

Kubwa kabisa ni kichaa cha mbwa. Ukiona sauti imebadilika, mate yanadondoka, taya limelegea, hawezi kumeza, anauma mawe na miti, anatembea ovyo au amejificha hataki mwanga, usimshike hata kama umemlea mwenyewe. Mfungie mlango na umwite mtu wa mifugo siku hiyo hiyo. Haya sio mambo ya zamani: Pemba walichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka, alafu mwaka 2016 ukarudi, ikabidi kazi ianze upya. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu alafu kila mwaka, na mbwa wasiokuwa na chanjo nakuomba usiwafanyie hatua yoyote humu mpaka wachanjwe, mana tunazungumzia wanyama wanaotiana meno na wewe uko katikati.

La pili ni maumivu. Chungulia masikio (kupe wanajazana ndani), meno, baina ya vidole, na mgongo. Simba wangu aliwahi kumnyukua Popi kila akimgusa upande wa kushoto, wiki nzima mie nasema ana kiburi, kumbe ana jipu chini ya manyoya. Lilipopasuka na kutibiwa, ugomvi ukaisha.

Ukifanikiwa hatua hii utakuwa na mbwa wanaokula vizuri, wanaotembea sawa, wamechanjwa, na hakuna pahala ukigusa anageuza kichwa.

## Hatua ya 2: Kaa kitako utizame, siku tatu

Hapa ndipo wengi wanaruka, alafu wanatenganisha mchezo mzuri na kuachia ugomvi. Mbwa wakicheza kawaida wanang'ata, wananguruma, wanaonesha meno yote, wanaangushana. Kelele peke yake haikwambii kitu. Tizama mwili.

Mchezo wa kweli miili imelegea, inapindapinda. Midomo iko wazi. Mmoja anainamisha kifua chini, matako juu, ndio anasema "nakutania tu". Wanapokezana, huyu anafukuza kidogo alafu anageuka anafukuzwa yeye, mkubwa anajilaza chini makusudi ili mdogo ampande. Na wanapumzika! Kila baada ya sekunde kadhaa wanaachana, mmoja anajikung'uta kama katoka majini, ananusa chini, alafu wanarudi.

Mchezo unaoharibika ni hivi: miili inakuwa migumu kama mbao. Mdomo unafumba. Mkia umesimama juu na unatikisika kwa ufupi ufupi (mkia kutikisika sio furaha kila siku, hapo watu wengi wameumwa). Macho yamekazwa kwa mwenziwe au weupe wa jicho unaonekana pembeni. Manyoya ya mgongoni yamesimama. Mmoja yuko juu tu muda wote, anamuwekea mwenziwe kidevu mabegani au anamkamata shingo na kumtikisa. Mwengine mkia uko baina ya miguu, anakimbilia chini ya meza, kwenye miguu yako, au analia na yule haachi.

Ukiwa huna uhakika, fanya mtihani huu, mie ndio nnaouamini kuliko yote. Mshike yule anayeonekana mkorofi kwa ile kamba, umvute nyuma hatua tatu, alafu mtizame yule aliyekuwa chini. Akirudi mwenyewe kumchokoza mwenziwe, ulikuwa mchezo, muachie. Akiondoka, akajikung'uta akaenda zake, au akajificha, bas hakuwa akicheza, alikuwa akionewa.

Siku hizi tatu rekodi kwa simu vipande vya dakika mbili mbili, alafu usiku uitizame taratibu. Wallahi utaona vitu hukuviona kwa macho. Na kwenye daftari andika mambo manne tu: saa ngapi, wapi, nani alianza, na kulikuwa na nini pale (chakula, mgeni, mlango unafunguliwa, mfupa, wewe mwenyewe). Kwangu daftari lilionesha karibu kila mara ni baada ya Magharibi, pale getini, gari ikiingia. Nisingelijua.

Siku tatu hizi hazina maana uwaache waumizane. Ukiona dalili za fungu la pili, tenganisha. Ukimaliza hatua hii uwe unaweza kusema kwa mdomo: "Ugomvi wa kwangu unaanza wakati fulani, pahala fulani, kwa sababu fulani."

## Hatua ya 3: Panga uwa upya

Kabla ya mafunzo yoyote ondoa vile vinavyogombewa. Kazi hii ya mikono tu kwa watu wengi inamaliza nusu ya tatizo.

Chakula: kila mbwa na bakuli lake, kila bakuli na upande wake wa kizuizi, na bakuli linaondolewa likishamaliza kulambwa. Mabakuli ya maji yawe mawili au zaidi. Sinia moja la ugali na mwiku wa samaki kumwagiwa wote pamoja ndio skuli ya kufundisha ugomvi, na hapa kwetu ndivyo wengi wanavyolisha.

Mifupa usimpe mbwa mbele ya mwenziwe. Ile wiki ya Iddi ya mfunguo tatu, nyama zinachinjwa kila nyumba na mifupa inatupwa kila kona, ndio wiki naulizwa zaidi kuliko mwaka mzima. Siku hizo kila mbwa na upande wake tangu asubuhi, na uwa ufagiwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape kabisa, inavunjika vipande vikali vinatoboa utumbo. Na Ramadhani kama unawalisha wakati mmoja na futari yako, kumbuka saa zao zimebadilika na wana njaa kuliko kawaida, anza kubadilisha kidogo kidogo wiki moja kabla.

Milango: pahala pembamba pana ugomvi. Geti, ngazi, upenu, chini ya gari. Geti likifunguliwa mbwa mmoja awe upande wa pili wa kizuizi.

Kulala: kila mmoja na pembe yake ambayo mwengine haingii. Kitoto hasa. Mbwa asiyelala vizuri anauma.

Alafu hili la minyororo. Mbwa aliyefungwa kutwa akimuona mwenziwe yuko huru anajaa hasira, na yule huru anakwenda kumcheza shere pale pale mnyororo unapoishia. Ukifungua jioni unafungua bunduki. Ukitaka kutenganisha tumia kizuizi au banda, sio mnyororo.

## Hatua ya 4: Wachokeshe, lakini sio kwa mchezo

Watu wanafikiri mbwa mkorofi aachiwe acheze mpaka achoke. Kinyume chake. Mchezo mrefu unampandisha moto, ukifika dakika ya kumi hasikii tena.

Kamata kamba, mmoja mmoja, baada ya Alfajiri jua halijapanda, nusu saa ya kutembea anusenuse anavyotaka. Kunusa nako kunamchosha. Wa shamba wapitishe chini ya mikarafuu na minazi, wa pwani wapeleke maji yakipwa (angalia bamvua, maji yakijaa haraka utakwama). Jioni tawanya konzi ya dagaa kwenye majani, kila mmoja upande wake, atafute mwenyewe kwa pua. Dakika kumi tu anajilaza.

Miezi ya kaskazi joto ni kali, mchana usiwachezeshe. Mbwa akihema ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, anayumba, mpeleke kivulini ummwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni na umkimbize kwa daktari.

## Hatua ya 5: Fundisha neno moja la kuachia

Chagua neno fupi ambalo hulitumii kwa jengine. Mie natumia "Bas!" na baadae nikajuta kidogo kwa sababu nalisema kutwa kwenye simu na mbwa wanakuja wananikodolea macho. Chagua lako.

Siku ya 1 hadi ya 3: mbwa mmoja, mwengine yuko upande wa pili haonekani. Sema neno mara moja tu, hapo hapo mpe kipande cha ini. Hajafanya kitu, unampa tu. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Sababu yake ni kwamba neno lazima kwanza liwe na utamu, amri itakuja yenyewe.

Siku ya 4 hadi ya 6: sema neno akiwa ananusa chini au anatizama pengine. Akigeuza kichwa, mpe vipande vitatu, kimoja kimoja. Asipogeuka usirudie kwa sauti kubwa, sogea karibu, muoneshe kipande puani, ana kwa ana, bas mara inayofuata anza karibu zaidi.

Siku ya 7 kuendelea: akiwa anatembea, akiwa anakimbia, akiwa anasikia mwenziwe upande wa pili wa kizuizi.

Usimwite kwa neno hili alafu ukampiga, ukamuogesha au ukamfungia. Ukilichafua mara mbili tu unatafuta neno jengine.

Utajua limeshika pale utakaposema mara moja kwa sauti ya kawaida akiwa mita 10 na ana shughuli, na mara tisa katika kumi anageuka kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Chini ya hapo usiende hatua ya 6. Hapa ndipo wale wa "haikusaidia" wanapoangukia, wanafundisha siku mbili alafu wanalijaribu kwenye vita.

## Hatua ya 6: Mchezo wa vipande vipande

Sasa wawili pamoja. Kila mmoja ana kola na kamba inaburuta chini, hujaishika. Ya nini? Ili ukihitaji kutenganisha unaokota kamba, mkono haukaribii mdomo. Kamba zitoke ukiwa hupo, wasije wakanyongana.

Waachie wacheze sekunde 20. Hesabu kweli, moja mpaka ishirini. Kabla hawajapanda moto sema neno lako, wote wawili waje, kila mmoja apewe kwa mkono tofauti, umbali wa hatua mbili wasigombee mkono. Subiri mpaka wapumue, midomo ilegee. Alafu waambie "haya" warudi kucheza.

Hapo kwenye kurudi kucheza ndipo penye siri. Kama kila ukiwaita mchezo unakwisha, wiki ya pili hawaji. Wakijua wakija wanapata ini na bado mchezo upo, wanakuja mbio.

Fanya mizunguko mitano sita, alafu funga kabisa, kila mmoja kwake akatafune kitu. Siku za mwanzo mara mbili kwa siku inatosha. Ukiona wanarudi kwa utulivu ongeza sekunde 30, alafu 45, alafu dakika. Usizidishe dakika tatu kwa mwezi wa kwanza.

Mmoja aking'ata kwa nguvu mpaka mwenziwe akalia: okota kamba kimya kimya, mtoe mng'ataji upande wa pili wa kizuizi dakika moja mpaka mbili, bila kumtukana, bila kumpiga, alafu mrudishe. Akirudia, mtoe tena. Mara ya tatu mchezo umekwisha kwa siku hiyo. Anachojifunza ni kitu kimoja, meno makali yanaondoa rafiki. Ukimpiga anajifunza kitu chengine kabisa, kwamba mwenziwe akiwepo anaumia, na kesho atamvamia mapema zaidi ili amuondoe.

Na usimkemee mbwa anayenguruma. Ule mngurumo ni onyo. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hanyamazi kwa sababu ametulia, ananyamaza kwa sababu onyo limekatazwa, siku nyengine anauma moja kwa moja. Akinguruma shukuru, tenganisha, andika kwenye daftari.

Ukiona wanaanza kuachana wenyewe katikati ya mchezo, mmoja anakuja kukutizama usoni kabla hujamwita, umefika. Kwangu kwa Simba na Popi ilichukua wiki tano. Jirani yangu kwa ndugu wawili madume ilichukua miezi mitatu na bado hawaachii peke yao.

## Hatua ya 7: Kama mmoja ni kitoto

Vitoto vingi hapa huokotwa au hupewa watu vikiwa na wiki nne tano. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Kitoto hujifunza kupima nguvu ya meno kwa mama yake na ndugu zake, na kikiondolewa kabla ya wiki nane kinakuja kwako hakijui kama meno yanauma. Ukiweza kumwambia mwenye jike asubiri, mwambie.

Kikishafika, mbwa mkubwa mpole aachiwe akikanye. Akinguruma, akikisukuma, akikipigia mdomo hewani bila kukishika, ni mwalimu huyo. Wewe ingia ikiwa kitoto kinalia na mkubwa haachi, au kitoto hakikomi na mkubwa anakimbia kujificha. Mkubwa ana haki ya kupumzika, mpe pahala pa juu kitoto hakifiki.

Miezi minne mpaka sita kinabadilisha meno, fizi zinawasha, kitatafuna kila kitu pamoja na masikio ya wenzake. Rowesha kitambaa kizito, kifunge fundo, kitie kwenye friza, mpe. Makumbi ya nazi usiyatumie, nyuzi zinamezwa zinaziba utumbo.

Na kitoto kikorofi jioni mara nyingi ni kitoto kilichokosa usingizi. Kinahitaji kulala saa nyingi kuliko kukesha. Bondia nilikuwa namfungia chumbani saa nane mchana mpaka Alasiri, ule wazimu wake wa Magharibi ukapungua siku ya tatu.

## Hatua ya 8: Washashikana kweli, unafanya nini

Soma sasa, mana siku hiyo hutokumbuka kusoma.

Kwanza, usitie mkono. Usikamate kola, usikamate kichwa, usijitie katikati. Mbwa aliyeko vitani anauma kilicho karibu bila kutizama ni nani. Mie Simba alinitoboa kidole gumba, Simba niliyemlea kwa mkono, na makosa yalikuwa yangu. Watoto waondoke, na usipige mayowe, mayowe yanawaongezea.

Fuata mpangilio huu, ukishindwa moja nenda ya pili:

1. Gonga sufuria na mfuniko juu ya vichwa vyao, kwa ghafla. Ugomvi mdogo huishia hapa.
2. Mwaga ndoo nzima ya maji usoni mwa yule anayeng'ata, puani hasa. Mpira wa mfereji vile vile.
3. Ingiza ubao baina yao, usukume taratibu mpaka hawaonani.
4. Watupie blanketi vichwani. Wakiwa kizani wengi wanaachia kutafuta hewa.
5. Mko watu wawili: kila mtu akamate miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, juu karibu na mapaja, mnyanyue kama rikwama, mrudi nyuma kwa pamoja huku mkizunguka kidogo pembeni ili asiweze kujipinda kukuuma. Msiachie mpaka yuko nyuma ya mlango. Uko peke yako: pitisha kamba kiunoni mwa mmoja, mfunge kwenye mti, alafu uvute mwengine.

Kama mmoja amekamata na hakuachia, usivute kwa nguvu, utachana nyama. Mshikilie asitikise, subiri sekunde anapobadilisha mshiko, hapo ndio utoe.

Fimbo na mateke viache. Pilipili pia, inaingia macho ya wote na yako.

## Hatua ya 9: Baada ya ugomvi

Mtu kwanza. Ukiumwa au hata ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa kutizama saa, alafu nenda hospitali siku ile ile wakupime kama unahitaji sindano. Usipake mafuta ya taa, wala majivu, wala kahawa. Ukianzishiwa sindano zimalize zote hata kama kidole kimeshapona. Mbwa aliyeuma mfungie umuangalie siku 10, usimuue kwa hasira, mana afya yake siku hizo ndiyo itakayomsaidia daktari.

Mbwa baadae. Vaa glavu. Papasa manyoya utafute matundu, jino linaingia dogo nje na pana ndani, juu unaona tone la damu, chini ngozi imeachana na nyama. Osha kwa maji yaliyochemka yakapoa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Usizibe kwa plasta. Tundu la kifuani, tumboni, shingoni, karibu na jicho, au damu isiyokata kwa dakika kumi za kukandamiza kitambaa, ni daktari wa mifugo leo, sio kesho. Na usimpe Panadol, Diclofenac wala Ibuprofen ya binadamu, vinaua ini, figo na matumbo ya mbwa.

Wakae mbali siku tatu kwa uchache, wasionane kabisa, ile hasira haitoki mwilini saa moja. Usiwakutanishe "wapatane".

Kuwarudisha: watu wawili, kamba mbili, nje ya nyumba, njia ambayo si ya mmoja wao. Tembeeni upande mmoja mkiwa mbali mita 10, kila mbwa akimtizama mwenziwe alafu akageuza kichwa, mpe ini. Kesho mita 8. Keshokutwa 5. Wakiweza kutembea bega kwa bega miili imelegea, ingieni uwani pamoja, kizuizi kikiwa kimefungwa, alafu rudi hatua ya 6 toka sekunde 20.

## Pale mwongozo huu hautoshi

Mbwa wengi hubadilika baina ya mwaka mmoja na miaka mitatu, wakiwa watu wazima kamili. Ndugu wawili wa jinsia moja waliocheza tangu utoto wanaamka siku moja hawatakiani. Majike wawili ndio wagumu zaidi, wakishaanza huwa hawaachi, na jike akiwa kwenye joto (siku zake za kutaka dume) madume wote wa uwani wanageuka maadui. Kuhasi dume kunasaidia pale ugomvi unatokana na majike, na kumfunga kizazi jike kunakuondolea zile wiki za joto na vitoto usivyovitaka, lakini hakufuti tabia iliyokwisha kuota, kwa hiyo usimhasi ukategemea kesho yake malaika.

Acha kufundisha na utenganishe moja kwa moja ukiona mojawapo ya haya: wameshashikana mara tatu na kila mara jeraha linazidi, mmoja haachii mpaka atolewe kwa nguvu, mkubwa anamvamia mdogo aliye chini ya nusu ya uzito wake, au yule mnyonge ameacha kula na hatoki pembeni. Kutenganisha ni zamu: huyu yuko nje asubuhi yule ndani, jioni mnabadilishana, kizuizi kiwe na milango miwili, ukisahau mmoja upo wa pili.

Na ukiamua kumtoa mmoja, mpe mtu asiyekuwa na mbwa mwengine, mueleze kila kitu bila kuficha, mkabidhi na kadi yake ya chanjo na kola na lile neno ulilomfundisha. Usimpeleke kumtupa Mwanakwerekwe sokoni wala pwani. Kule anakutana na mbwa ishirini wanaogombea matumbo ya samaki.

Popi na Simba mie bado nawalisha pande mbili za kizuizi, na sina mpango wa kubadilisha.